Kidole cha Shahada Kisipewe Kazi Mbili: Namna ya Kukagua Holsta ya Kitufe

Holsta yangu ya kwanza, yaani ala ya kuvalia bastola kiunoni, ilikuwa ya plastiki nyeusi, haina jina la kiwanda, na ina kitufe upande wa nje. Unabonyeza kwa kidole cha shahada, unachomoa. Muuzaji alinivalisha kiunoni, akachomeka bastola ya plastiki, akaivuta kwa mikono miwili mpaka nikayumba. Haikutoka. "Hapo hata wakukabe watatu," akasema. Nikalipa.

Miezi miwili baadaye, asubuhi ya mwezi wa saba, nilikuwa uwanja wa kulenga shabaha na baridi ya Mbeya ilikuwa ile ya kumfanya mtu azungumze huku meno yanagongana. Nikachomoa kwa haraka. Risasi ikaingia ardhini kabla mkono haujainuka, upana wa vidole vinne kutoka buti langu la kulia. Mwalimu wetu alikuwa mwanajeshi mstaafu ambaye tulimwita Afande hata tukikutana naye sokoni. Hakufoka. Alichukua bastola mkononi mwangu, akaiondolea risasi, kisha akauliza:

"Kidole chako kilikuwa wapi?"

"Kwenye kitufe, Afande."

"Bastola ilipotoka, kitufe kilibaki wapi?"

"Kwenye holsta, Afande."

"Na kidole kikabaki wapi?"

Hapo sikuwa na jibu. Haya yanayofuata ndiyo jibu, nimeliandika kwa ajili ya mlinzi wa ghala la mchele Ubaruku, mnunuzi wa dhahabu anayepanda na kushuka barabara ya Chunya, mwenye duka la kubadilisha fedha Tunduma, na yeyote mwenye bastola iliyosajiliwa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kama huna leseni, anzia huko kwanza; holsta itakusubiri.

Jua ulichovaa

Vua holsta, itoe bastola, uitazame kwenye mwanga. Swali ni moja: kitu gani kinaizuia bastola isitoke, na ni kidole gani kinachokiachia?

Zipo zinazobana tu. Plastiki au ngozi imefinyangwa kwa umbo la bastola, na pengine kuna skrubu ya kukaza. Zipo za mkanda wenye kishikizo, ambao unafunguliwa kwa kidole gumba mkono unaposhuka kushika mpini. Zipo zenye kitasa cha ndani kinachoachiwa kwa gumba, kama ALS ya Safariland, au kwa kidole cha kati, kama GLS ya kampuni hiyohiyo. Na zipo zenye kitufe ubavuni, mahali hasa ambapo kidole cha shahada hulala. Maarufu zaidi kati ya hizo ni SERPA ya Blackhawk ya Marekani, na umbo lake limeigwa na viwanda vingi kiasi kwamba nyingi unazoziona huku kwetu si SERPA kabisa, ni binamu zake wasio na cheti cha kuzaliwa.

Ukichungulia ndani ya hii ya mwisho utaona ulimi mdogo wa plastiki ngumu. Bastola ikizama, ulimi unaingia ndani ya pete ya triga, yaani lile duara linalozunguka triga (kifyatulio), na kuing'ang'ania. Ukibonyeza kitufe, ulimi unajitoa. Ni kitasa cha mlango, hakuna zaidi. Na ni kitasa kizuri: mtu akikuvuta bastola kwa nyuma kwenye msongamano wa Mwanjelwa, haipati. Sina ugomvi na kitasa. Ugomvi wangu ni mahali walipoweka ufunguo.

Namna kidole kinavyoteleza

Kila aliyefundishwa bastola ameimbiwa sheria ile: kidole kikae nje ya triga mpaka uwe umelenga na umeamua. Jeff Cooper, mwalimu wa Kimarekani aliyefariki mwaka 2006, aliiweka kati ya sheria zake nne, na walimu duniani kote wanaikariri. Kiswahili chetu kimetupa msaada ambao Cooper hakuwa nao, kwa sababu jina la kidole lenyewe linaonyesha namna ya kukiweka. Mtu anapotoa shahada, kidole kinanyooka. Hakipindi, hakibonyezi. Basi kwenye bastola nacho kinyooke hivyohivyo, kimelala ubavuni juu ya triga.

Sasa holsta ya kitufe inakiambia kidole kilekile: bonyeza. Kwa ndani. Kwa nguvu. Tena wakati mkono wote unapanda juu.

Watu wengi hudhani kidole kinabaki kwenye kitufe. Hakibaki. Kimeungana na mkono, na mkono umeshika mpini, kwa hiyo kinapanda pamoja na bastola huku bado kinasukuma kwa ndani. Kinachokizuia njiani ni ukuta wa holsta tu. Ukuta ukiisha, msukumo ule hauna tena pa kuegemea. Kama ulikuwa umebonyeza kwa tumbo la kidole na kidole kimenyooka, kitaangukia ubavuni mwa bastola, na hakuna litakalotokea. Kama ulibonyeza kwa ncha, kidole kimejikunja kama ndoano, na mahali pa karibu pa ndoano kuingia ni ndani ya pete ya triga. Wakati huo mtutu unatazama paja, goti au unyayo wako.

Bastola nyingi za siku hizi hazina kufuli la pembeni la kukuokoa hapo. Glock, iliyozaliwa Austria miaka ya 1980, ina kifuli kidogo juu ya triga yenyewe. Kinazuia bastola isifyatuke ikianguka au ikiguswa kwa pembeni, lakini kidole kikiingia sawasawa kinaona ni mwenye mali na kinafungua. Uzito wa kuvuta ni kama kilo 2.5, na triga inasafiri milimita 12 na nusu hivi. Mkono uliokwisha kukaza kwa hofu hauhesabu kilo hizo.

Kuna ubaya wa pili ambao hausemwi sana. Ukianza kuvuta juu kabla ya kubonyeza, ulimi unabanwa na pete ya triga na kitufe kinakuwa kigumu. Dawa yake ni kuirudisha bastola chini kidogo, kubonyeza, kisha kuvuta. Nani anakumbuka hayo wakati mtu ana panga mbele yake? Mtu anabonyeza zaidi, na anayebonyeza zaidi hutumia ncha. Hapo umeshaitengeneza ndoano.

Wapo wanaoitetea. Wanasema mtengenezaji alielekeza kidole kinyooke, na aliyefunzwa vizuri haimletei shida. Ni kweli, nami namjua mlinzi aliyeivaa miaka mingi bila kujikwaruza. Lakini shule nyingi za kulenga shabaha za Marekani, ambako watu huchomoa mara mamia kwa siku mbele ya waalimu, haziruhusu mwanafunzi kuingia uwanjani na holsta ya aina hii. Blackhawk wenyewe baadaye wakatoa T-Series, na kazi ya kufungua wakampa gumba. Mimi hilo linanitosha.

Jaribio la chaki

Usiniamini kwa maneno. Fanya hivi nyumbani, jioni moja, watoto wakiwa kwa bibi yao.

Toa magazini (kisanduku cha risasi) kwanza, ndipo ukoki, yaani uvute nyuma slaidi, kile chuma cha juu. Ukigeuza mpangilio huo utakuwa umepandisha risasi nyingine chemba, lile tundu inamokaa risasi ya kufyatuliwa, halafu ukajidanganya kwamba ni tupu. Funga slaidi nyuma, tazama chemba, kisha ingiza kidole kidogo uipapase. Macho hudanganywa na giza. Risasi zote zipeleke chumba kingine, ufunge mlango. Chukua ndoo ya lita 20, ijaze mchanga, iweke mbele yako, na kila utakapoelekeza mtutu iwe ni kwenye ndoo. Utasema bastola ni tupu, ndoo ya nini? Waliojipiga kwa bastola tupu ni wengi.

Paka chaki nyeupe kwenye ncha ya kidole cha shahada, pale karibu na kucha. Usipake tumbo la kidole. Valia holsta, chomeka, kisha chomoa polepole mara tano. Tazama kitufe: kina chaki? Kama kina chaki, unabonyeza kwa ncha hata ukiwa umetulia. Kifute, paka tena, chomoa mara tano kwa kasi ya mtu aliyeitwa jina ghafla. Sasa tazama kitufe, ubavu wa bastola, pete ya triga, na triga yenyewe.

Kisha fanya jaribio la nyanda zetu za juu, ambalo aliyechora holsta hii pengine hakuliwaza. Loweka mikono kwenye maji ya baridi dakika mbili, jikaushe, vaa koti lile la mwezi wa sita, urudie. Mlinzi wa zamu ya usiku Makete au Njombe ana vidole kama vijiti. Havijui tofauti ya kitufe na triga. Mwenye glavu ndiyo kabisa.

Mimi nilipata chaki kwenye triga mara mbili kati ya tano. Nikakaa kitandani nikiiangalia, chai ikapoa.

Wewe ukipata hata mara moja, ruka uende sehemu ya kubadilisha. Usijipe mtihani wa marudio.

Vijiwe

Udongo wa Mbeya, hasa upande wa Uyole kwenda Rungwe, umejaa vijiwe vyepesi vya volkano ambavyo milima ya Ngozi na Rungwe ilitumwagia zamani. Kimoja cha ukubwa wa punje ya mtama kikiingia nyuma ya kitufe, kitufe hakibonyezeki. Bastola imefungwa humo, na hutaitoa bila bisibisi. Vumbi la machimbo ya Makongolosi hufanya hivyohivyo kwa utaratibu zaidi, linajijenga kidogo kidogo. Hii si hitilafu ya kitufe cha shahada peke yake, kitasa chochote kinaweza kuziba, ila kitufe kilichokaa nje ubavuni, ukianguka au kulala chini, ndicho kinachogusa ardhi kwanza.

Kila wiki itoe mkandani, ikung'ute, isugue kwa mswaki mkuukuu na maji ya sabuni, iache ikauke kivulini. Usitie mafuta ya kupikia, wala grisi ya baiskeli. Vumbi hupenda mafuta kuliko wewe unavyopenda chapati. Kaza skrubu zinazoshika mguu wa holsta kwenye mkanda. Zikilegea, mvutaji anaondoka na bastola pamoja na holsta yake.

Kama huna budi kuivaa

Mlinzi hachagui vifaa. Mwajiri amekununulia, na ukisema unaambiwa wenzako mbona hawalalamiki. Basi mpaka siku ya kubadilishiwa, fanya mambo haya.

La kwanza na kubwa: chemba iwe tupu. Magazini imejaa, chemba haina kitu. Najua nitabishiwa hapa, na wabishi watasema sekunde moja ya kukoki ni uhai. Kwa askari wa doria, pengine. Kwa mlinzi anayesimama kwa muda wa saa 12 mbele ya duka Kabwe, anayeinama, anayepanda bodaboda, anayesinzia, mimi nachukua chemba tupu bila kufikiri mara mbili, ikiwa holsta yake ni hii. Mwulize mwajiri kanuni yake kabla hujaamua, na wote wa zamu moja muwe na utaratibu mmoja. Bastola inayokabidhiwa kutoka mkono hadi mkono, huyu ana chemba tupu na yule hana, ni ajali iliyowekwa akiba.

La pili, jifunze upya mpangilio: sukuma chini kidogo, laza tumbo la kidole kwenye kitufe, ndipo upandishe. Kidole kisibonye kama kengele ya mlango. Kilale kama unafuta vumbi mezani. Fanya polepole na bastola tupu, mbele ya ndoo, mara kumi kila siku. Kasi usiitafute.

La tatu, kurudisha bastola hakuna mbio. Hakuna aliyewahi kushinda kwa kuwahi kurudisha. Tazama mdomo wa holsta kwa macho, vuta koti nyuma kwa mkono wa kushoto, hakikisha kamba ya kubania kiuno na kichwa cha zipu haviko njiani, kidole cha shahada kimenyooka kabisa, halafu ingiza taratibu. Ukihisi kizuizi, acha. Toa, tazama. Usikandamize kamwe.

Na umwambie mwajiri kwa maandishi. Barua fupi, ya heshima, nakala ubaki nayo. Mweleze jaribio la chaki na umwombe alifanye mbele yako. Msimamizi mmoja aliyenicheka kwa barua yangu alikubali kupaka chaki, akachomoa mara tatu, akatazama kidole chake, akaniambia, "Ndugu yangu, hii kitu tuiongelee ofisini." Ndani ya mwezi zilikuja za mkanda na kishikizo.

Kuchagua nyingine

Nenda na namba na modeli kamili ya bastola yako, si "ndogo ile ya mm 9". Holsta ya bastola nyingine inayoingia-ingia hivi ni mbaya kuliko kutokuwa nayo. Triga yote ifunikwe, pande zote mbili, na ukiibinya kwa nje kidole chako kisiiguse. Mdomo wake ubaki wazi bastola ikitoka. Mdomo ukijikunja, utahitaji mkono wa pili kuufungua, na mkono huo utakaa mbele ya mtutu.

Kwa mtu wa kazi anayesimama kwenye watu, chukua ya gumba. Sababu ni rahisi: gumba halina kazi yoyote ndani ya pete ya triga. Likikosea, likateleza, likakaza kwa hofu, halifyatui kitu. Kama kitasa cha gumba kiko mbali na mfuko wako, mkanda wa ngozi wenye kishikizo unatosha, na mafundi viatu wetu wanaushona vizuri. Angalizo moja kwa ngozi: mvua za kuanzia Novemba hadi Aprili huilainisha. Ngozi iliyolainika hujikunja ndani ya mdomo, na kipande hicho kikiingia kwenye triga wakati unarudisha, kinafanya kazi ya kidole. Mwambie fundi aweke ngozi mbili mdomoni, na ikichoka usiihurumie.

Anayevaa ndani ya koti, asiyesukumana na watu, inayobana tu inamfaa. Ijaribu kwa kuigeuza juu chini, bastola tupu ikiwa ndani, juu ya kitanda, uitikise. Bastola isianguke.

Kisha inakuja sehemu ambayo watu huiruka. Mkono wako unaikumbuka holsta ya zamani. Siku ya hofu, shahada itatafuta kitufe kisichokuwepo, itabonyeza ukuta mtupu, na tabia ya ndoano itakuwa imehamia holsta mpya. Mimi nilichukua wiki tatu, kila jioni mara thelathini na bastola tupu, kabla chaki haijaacha kuonekana mahali pasipofaa. Katika wiki hizo usivae ya zamani hata siku moja, hata kama mpya imelowa. Na wanaomiliki mbili, ya gumba kazini na ya kitufe Jumapili, wachague moja.

Ikitokea

Pajani unapita mshipa mkubwa wa damu, na mtu anaweza kuishiwa damu kwa dakika chache. Kutoka Chunya hadi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya ni kilometa 70 hivi, na mlima una kona zake. Kwa hiyo kazi yako ni ya pale pale. Weka bastola chini mbali naye. Kandamiza jeraha kwa kitambaa, kwa uzito wa mwili wako wote, usiachie kuchungulia. Damu ikiruka na haizuiliki, funga juu ya jeraha, karibu na kinena, kwa mkanda wa kukazia damu. Usipokuwa nao, kitambaa kipana na kijiti cha kuzungushia, kaza mpaka damu isimame, uandike saa. Kamba nyembamba au waya hukata nyama na damu inaendelea. Gari lipatikane. Polisi wapigiwe simu njiani, PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, ifuate hospitali. Kituo kikiwa njiani msishuke foleni na majeruhi anavuja.

Nilipobadilisha, mtu wa Mbalizi alitaka kuninunulia ile ya zamani kwa nusu bei. Nilimkatalia, akaniona nina roho mbaya. Niliikata kwa msumeno wa chuma katikati ya kitufe. Nusu yenye ulimi anayo Afande. Kila darasa jipya anaizungusha mkononi mwa wanafunzi, anawaambia wabonyeze, halafu anawauliza lile swali lake la kidole.